Ameungua na anaingia chemba ya oksijeni: apakwe nini, asipakwe nini?

*Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Aliungua moto kazini: sikio la kushoto, shingo, na mkono wa kushoto wote hadi vidoleni. Leo ni siku ya tisa. Tumeambiwa mkono utapandikizwa ngozi, na ameanza kuingizwa kwenye chemba ya oksijeni yenye shinikizo ili vidonda vikae vizuri. Tatizo ni dawa za kupaka. Tunazo tatu: krimu ya mafenidi ya sikio, krimu nyeupe ya silva salfadiazini ya mkono, na shashi zenye mafuta ya mgando za shingoni. Mhudumu wa chemba ametuambia "asije na mafuta yoyote mwilini." Jirani aliyewahi kuuguza anasema krimu huziba oksijeni isiingie kwenye kidonda, kwa hiyo tuache zote. Jana tulimpeleka bila kumpaka chochote, akarudi analia kwa maumivu na shashi imegandia kwenye nyama. Tufanye nini? Na hiyo chemba inasaidia kweli, au tunamtesa bure?*

Marahaba. Pole sana kwa kuuguza, na mgonjwa mwambie ugua pole.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua kesho mna safari ya chemba. Dawa hizo tatu si za kuacha zote, na wala si za kupaka zote kama kawaida kabla ya kuingia. Krimu nyeupe ya mkono kwa kawaida inaweza kuendelea. Shashi za mafuta ya mgando zinahitaji kupangiwa saa au kubadilishwa. Mafenidi ya sikio ndiyo inayonitia wasiwasi, na nisingependa aingie nayo kabla daktari wa chemba na daktari anayetibu majeraha yake hawajazungumza wao kwa wao. Mhudumu alikuwa na haki ya kuwatahadharisha. Ila kumwambia ndugu wa mgonjwa "asije na mafuta" bila kumweleza aweke nini badala yake ni kumwacha njia panda, na ndiyo maana mgonjwa alirudi analia.

Sasa nimjibu jirani, kwa sababu kauli yake naisikia mara nyingi na ina sura ya ukweli. Oksijeni ya chemba haiingii kwa kupitia kidonda. Inapita mapafuni, inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoipeleka kidondani kutokea ndani. Hewa ya kawaida tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, na karibu yote hubebwa na seli nyekundu. Katika kila mililita 100 za damu, oksijeni iliyoyeyuka moja kwa moja kwenye plazma, yale majimaji ya damu, ni mililita 0.3 tu. Mtu akivuta oksijeni tupu chini ya shinikizo mara 3 ya lile la kawaida, kiasi hicho hufika karibu mililita 6. Ni jambo lile lile linalofanya gesi ikae ndani ya soda wakati chupa imefungwa: shinikizo likipanda, gesi nyingi zaidi huyeyuka kwenye kimiminika. Kwa majeraha ya moto shinikizo linalotumika sana ni kati ya mara 2 na 2.4, kwa dakika 90 hivi kila awamu, hivyo kiasi kinachoyeyuka hakifiki hapo juu kabisa, lakini bado ni mara nyingi zaidi ya kawaida.

Faida ya oksijeni hiyo iliyoyeyuka ni kwamba inafika hata pale ambapo mishipa midogo imevimba na kubanwa kiasi kwamba seli nyekundu zinapita kwa shida. Kwa hiyo krimu iliyo juu ya ngozi haiizibii njia. Ipo tiba nyingine, ya kufunika kidonda kwa mfuko wenye oksijeni, na huko kilicho juu ya kidonda kina maana. Hiyo si tiba anayopewa mdogo wako.

Kama krimu haizibi oksijeni, basi kwa nini vituo vya chemba ni vikali hivyo? Kuna sababu mbili tofauti kabisa, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni moto. Ya pili ni kile dawa inachofanya baada ya kufyonzwa na kuingia kwenye damu.

Tuanze na moto. Oksijeni yenyewe haiungui, ila chochote kinachoungua hushika moto kwa wepesi na kuwaka kwa kasi ya kutisha mahali penye oksijeni nyingi. Oktoba 31, 1997, moto ulizuka ndani ya chemba ya hospitali moja mjini Milan, Italia, ukaua watu 11. Uchunguzi ulielekeza kwenye kifaa kidogo cha kupasha mikono joto ambacho mgonjwa aliingia nacho. Haikuwa krimu, na sikutajii tukio hilo ili kukutisha. Nataka tu uone kwa nini wahudumu wa chemba hawana mzaha na kitu kidogo, hata kama wewe unaona ni ukali usio na sababu.

Hapa kuna swali moja la kuuliza kituoni, nalo linabadilisha mengi: chemba yenu ni ya mtu mmoja, au ni chumba cha watu kadhaa? Ya mtu mmoja mara nyingi hujazwa oksijeni tupu, mgonjwa amelala ndani yake, na kila kilicho mwilini mwake kimezungukwa na oksijeni. Chumba cha watu kadhaa hujazwa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, na mgonjwa huvuta oksijeni kwa barakoa au kofia maalumu. Humo kiwango cha oksijeni ya chumba hufuatiliwa kisivuke asilimia 23.5. Hatari haitoweki, lakini ni ndogo zaidi. Ndiyo maana bandeji ile ile inaweza kukubaliwa kituo kimoja na kukataliwa kingine, na wote wakawa sahihi.

Katika suala hili la moto, jina la dawa halina uzito kama kile ilichochanganywa nacho. Antibiotiki ile ile inaweza kutengenezwa kama krimu ya maji, jeli, au marhamu ya mafuta ya petroli. Marhamu nyingi za antibiotiki zinazouzwa kwenye tyubu, ukisoma viambato, sehemu kubwa ni mafuta ya mgando. Vilivyotengenezwa kwa maji, kama jeli za kulainisha kidonda, havina shida ya moto. Vya mafuta ya petroli ni kuni. Ni kweli kwamba mafuta ya mgando hayatoi mvuke kama petroli na si rahisi kuwashwa na cheche ndogo ya umemetuli, na kwa sababu hiyo vituo kadhaa huruhusu tabaka jembamba likiwa limefunikwa na shashi ya pamba iliyoloweshwa. Lakini huo ni uamuzi wa msimamizi wa usalama wa chemba, baada ya kuona bandeji kwa macho yake. Ndugu wa mgonjwa hauchukui peke yake nyumbani.

Kinachonitia hofu zaidi ya mafuta ya mgando ni kitu ambacho watu hudhani ni salama kwa sababu "kinakauka": spiriti. Dawa za kusafishia zenye spiriti, losheni nyingi, manukato, dawa za nywele, rangi ya kucha, vyote hivyo hutoa mvuke unaoshika moto kirahisi sana. Kijana aliyefungwa bandeji safi kabisa lakini kapuliziwa manukato ili asinuke kidonda ni hatari kuliko yule mwenye shashi ya mafuta shingoni. Nywele zake pia zisipakwe mafuta siku ya chemba. Na avae nguo za pamba watakazompa hapo hapo, si shuka wala fulana ya nailoni kutoka nyumbani.

Kwa hiyo shingoni fanyeni hivi. Mwombeni muuguzi apange siku nzima, si bandeji tu. Kabla ya chemba, shashi ya mafuta iondolewe kwa kuilowesha vizuri kwa maji safi ya uvuguvugu, kidonda kioshwe polepole, kisha kifunikwe kwa shashi ya pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, au jeli ya maji ikiwa kituo kinayo. Akitoka chemba, ndipo shashi ya mafuta irudishwe. Jana maumivu yalitokea kwa sababu kidonda kilikwenda kikavu, majimaji yake yakagandisha shashi, na mlipoiondoa ikang'oa ngozi mpya. Kidonda cha moto hakitakiwi kukaa kikavu hata siku hiyo. Ikiwa kufungua na kufunga kila siku kunamchosha, ziko bandeji zenye madini ya fedha (silva) zinazokaa siku kadhaa bila kufunguliwa, na vituo vingi huziruhusu ndani ya chemba. Baadhi yake huloweshwa kwa maji safi tu, kwani maji ya chumvi huigeuza fedha ile na kuipunguzia nguvu. Muuguzi asome maelezo ya aina mtakayopata.

Sasa mafenidi. Ni dawa nzuri, na aliyewaandikia hakukosea. Sikio limejengwa kwa gegedu, ule mfupa laini unaopindika, iliyofunikwa na ngozi nyembamba mno, na gegedu ina damu kidogo. Bakteria wakiingia humo, sikio linaweza kuoza na kubaki limekunjamana. Mafenidi ina sifa ambayo krimu nyingine nyingi hazina: inapenya ndani, hata kupita gamba gumu la ngozi iliyokufa. Ndiyo maana wataalamu wa majeraha ya moto wameipenda kwa masikio.

Ila mafenidi ikifyonzwa huzuia kimeng'enya kimoja muhimu kiitwacho kaboniki anihidrazi. Kimeng'enya hiki ndicho kinachousaidia mwili kuisafirisha hewa ya ukaa kutoka kwenye nyama hadi mapafuni itolewe nje. Kikizuiwa, hewa ya ukaa hulimbikizana kwenye tishu, na damu huelekea kuwa na tindikali. Mgonjwa aliyepakwa mafenidi eneo kubwa unaweza kumwona anahema haraka haraka bila kisa, mwili ukijaribu kujisafisha.

Ongeza chemba juu ya hilo. Ndani ya chemba, damu inayorudi moyoni bado imejaa oksijeni, na seli nyekundu zilizojaa oksijeni hubeba hewa ya ukaa vibaya kidogo. Kwa hiyo tayari hewa ya ukaa inapanda kidogo, mwili unamudu. Ukimnyima na kile kimeng'enya, inapanda zaidi. Hewa ya ukaa nyingi hutanua mishipa ya damu, na hapo madhara ni mawili. Mishipa ya ubongo ikitanuka, ubongo unapokea oksijeni nyingi kupita kiasi, na oksijeni nyingi kwenye ubongo inaweza kuleta degedege. Na mishipa ya kidonda ikitanuka, tunapoteza faida moja ya chemba, kwa sababu oksijeni ya shinikizo huibana mishipa na kupunguza uvimbe huku tishu zikiendelea kulishwa. Dawa moja inasukuma huku, tiba nyingine inavuta kule.

Nisikutie hofu isiyo na kipimo: degedege ndani ya chemba ni nadra, na sikio moja hufyonza dawa kidogo sana ukilinganisha na kifua kizima. Wapo watakaokwambia eneo ni dogo, isiwe tabu. Msimamo wangu ni kwamba ikiwa ipo dawa mbadala, hakuna sababu ya kubeba hatari hiyo mara moja au mbili kila siku. Muulizeni daktari wa majeraha kama sikio linaweza kuhamia kwenye silva salfadiazini au bandeji ya fedha kwa kipindi hiki cha chemba. Akiona sikio halivumilii mabadiliko hayo, basi yeye na daktari wa chemba waamue: dawa ioshwe kabisa kabla ya kila awamu na kupakwa baada yake, au chemba isubiri. Wakati huo wote sikio lisilaliwe wala lisibanwe na bandeji. Alale upande wa kulia, na mto laini usiligusie. Jambo hili watu hulidharau, na linaokoa masikio.

Kwa sababu hiyo hiyo mwelezeni daktari wa chemba vidonge vyote anavyomeza. Asetazolamidi, ambayo hutolewa kwa presha ya macho, ni ndugu wa mafenidi katika kazi hiyo ya kuzuia kimeng'enya. Kama ana historia ya kifafa, asthma au kisukari, au ana homa siku hiyo, semeni kabla mlango haujafungwa. Na kwa kuwa aliungua moto, waulizeni kama alipigwa picha ya kifua. Pafu lililopasuka na kuvujisha hewa kifuani, likiwa halijatibiwa, ni katazo lisilo na mjadala kwenye chemba.

Krimu nyeupe ya mkono nilisema inaweza kuendelea, nami nasimamia hapo, ila nina maneno mawili. Kwanza, si tyubu zote za silva salfadiazini zimetengenezwa sawa. Nyingine zina mafuta ya mgando kidogo yaliyochanganywa na maji. Nendeni na tyubu yenyewe, msimamizi wa usalama asome viambato. Ipakwe nyembamba, ifunikwe kwa shashi ya pamba. Pili, krimu hii ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Imetumika tangu miaka ya 1960 na inaua bakteria wengi, lakini kwa majeraha yasiyozama sana, bandeji nyingi za kisasa zimeonekana kuponya haraka kuliko yenyewe. Pia huacha utando wa rangi ya maziwa juu ya kidonda, na daktari asiyezoea anaweza kushindwa kuona ngozi imeungua kwa kina gani. Mkono wa mdogo wako unasubiri kupandikizwa, kwa hiyo lengo sasa ni kuuweka safi hadi siku ya upasuaji, na kwa lengo hilo krimu hii inafaa. Asiitumie ikiwa ana mzio wa dawa za salfa. Mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi inayofanya seli nyekundu zivunjike kirahisi, naye amwambie daktari kwanza.

Umeuliza kama chemba inasaidia kweli. Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1965 nchini Japani, baada ya mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe. Wachimbaji waliingizwa chemba kwa sababu ya sumu ya moshi, na madaktari wakaona waliokuwa wameungua pia wanapona vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Sababu inaeleweka. Kuzunguka sehemu iliyokufa kwa moto kuna ukanda wa ngozi ambao haujafa, damu yake inasuasua, na unaweza kwenda upande wowote. Oksijeni inaweza kuuvuta upande wa uhai. Lakini ukanda huo huamua mapema, ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, na wanaoamini tiba hii hutaka ianze ndani ya saa 24. Majaribio yaliyofanywa kwa kulinganisha wagonjwa kwa bahati nasibu ni machache mno. Mapitio ya mwaka 2004 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalipata mawili tu yanayofaa, na hayakutosha kuthibitisha wala kukanusha.

Siku ya tisa, sitakuambia kwamba chemba itaokoa ngozi iliyokwisha kufa mkononi. Inachoweza kufanya sasa ni kusaidia kitanda cha kidonda kuwa na damu ya kutosha ili ngozi ya kupandikiza ishike, hasa vidoleni ambako nafasi ni finyu, na kuzipa seli nyeupe nguvu ya kuua bakteria. Ni msaada wa pembeni. Upasuaji wa wakati, usafi wa kidonda, chakula cha kutosha, mazoezi ya vidole na kutovuta sigara vina uzito zaidi. Ikitokea siku mnalazimika kuchagua kati ya kusafisha kidonda vizuri na kuwahi chemba, safisheni kidonda. Na swali zuri la kumwuliza daktari wake ni hili: unategemea kuona badiliko gani, na baada ya awamu ngapi tutasema inatosha?

Kesho, kabla ya kutoka, mpigieni simu msimamizi wa chemba mmsomee majina ya dawa zote tatu, na mumwombe azungumze na daktari wa majeraha. Wasipopatana kwa wakati, kuahirisha awamu moja katika hatua hii hakumharibii kitu, kwa hiyo msiogope kuwaambia tusubiri. Akiwa ndani, akihisi midomo au shavu linachezacheza, masikio yanavuma, macho yanaona kama kwenye bomba, au kichefuchefu cha ghafla, aseme palepale. Kuondolewa kwenye oksijeni kwa kawaida hutuliza hali hiyo.

Nje ya chemba, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja miadi akipata homa au kutetemeka, kidonda kikianza kunuka au kutoa usaha wa kijani, wekundu ukisambaa kwenye ngozi isiyoungua, madoa meusi yakijitokeza mahali palipokuwa pekundu, au akihema haraka bila sababu. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au kubadilika rangi chini ya bandeji, ilegezeni mara moja kisha mwende. Na sikio likiwa la moto, limevimba, limesimama mbali na kichwa na haliguswi, hilo ni la daktari wa upasuaji usiku huo huo, hata kama mmetoka kwake asubuhi.